Kutoka Nyumba ya Umma hadi Gastropabu: Somo la Maneno, Vyumba na Adabu za Mezani

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa tafsiri akikutana na neno la Kiingereza "gastropub" katika riwaya au katika habari za safari, kwanza atafungua kamusi. Merriam-Webster, kamusi ya Kimarekani iliyoliingiza neno hilo mwaka 2012, itamwambia kwa ufupi kwamba ni pabu inayouza chakula cha hali ya juu. Maelezo hayo ni sahihi, lakini kwa mfasiri hayatoshi. Hayamwambii kwa nini jengo ni la zamani na jiko ni jipya, kwa nini mteja mmoja analipia kaunta na mwingine anangoja mhudumu mezani, wala kwa nini baadhi ya wakazi wa mtaa hulitamka neno hilo kwa dhihaka.

Makala haya yanatetea hoja moja: jina la mahali pa kula na kunywa hubeba habari ya nani anakaribishwa, pamoja na habari ya kinachouzwa. Mfasiri akihamisha habari ya pili na kuiacha ya kwanza, amehamisha nusu tu ya neno. Tutachunguza muundo wa neno, kisha vyumba vya pabu za enzi ya Malkia Victoria (1837–1901), kisha mabadiliko ya mwaka 1991, kisha adabu za mezani, na mwishoni tutapima njia za kulitafsiri kwa Kiswahili.

2. Neno na viungo vyake

Neno hili limeundwa kwa vipande viwili, na kila kipande kimekatwa kutoka neno refu zaidi. Kipande cha pili, "pub", kinatokana na "public house", yaani nyumba ya umma: nyumba ambayo mwenyewe amepewa leseni ya kumpokea mpita njia na kumwuzia kinywaji. Kipande cha kwanza kinatokana na jina la taaluma ya ulaji bora, ambalo wengi wetu tunalijua kwa Kifaransa: gastronomie. Asili yake ni Kigiriki, gaster, yaani tumbo. Katika Kifaransa cha kisasa neno hilo lilienea baada ya shairi la Joseph Berchoux la mwaka 1801 lililolichukua kuwa jina lake. Kwa istilahi zetu huu ni uhulutishaji, njia ileile iliyotupa chajio kutoka chakula cha jioni na chamcha kutoka chakula cha mchana.

Tofauti ni kwamba vipande vya chajio vinatoka katika rejista moja, lakini vipande vya gastropabu vinatoka katika rejista mbili. "Pub" ni neno la kila siku. "Gastro" ni la vitabuni. Kabla yake chakula cha pabu kiliitwa "pub grub", na "grub" ni neno la mtaani, kama vijana wa Dar es Salaam wanavyosema msosi. Kwa hiyo kilichobadilika si sahani peke yake. Neno la utani liliondolewa, likawekwa neno la Kigiriki lililopitia Paris. Msikilizaji wa Kiingereza husikia kupanda huko kwa daraja mara moja, hata asipojua etimolojia yoyote.

Kwetu sisi tuliosoma kwa Kifaransa kuna hatari nyingine. Katika Kifaransa cha mazungumzo, la gastro ni kifupi cha ugonjwa wa tumbo unaoleta kuhara na kutapika. Silabi zilezile zinazomwahidi Mwingereza mlo mzuri zinaweza kumfanya Mkongomani aulize kama mahali hapo pamekaguliwa na watu wa afya. Kipande kilekile cha Kigiriki kimechukua mwelekeo tofauti katika lugha mbili jirani, na mfasiri anayesimama kati yake na Kiswahili inampasa kujua wasomaji wake wanatoka upande gani.

3. Msamiati wa nyumba

Kabla ya kuingia ndani, tutazame uga wa maana ambamo pabu imewekwa. Kiingereza kinaiita nyumba. Anayeiendesha anaitwa "landlord", yaani mwenye nyumba, neno lilelile analoitwa anayekupangishia chumba. Pabu iliyo karibu na unapoishi inaitwa "local", kivumishi chenye maana ya -a mahali hapa ambacho kimegeuka nomino. Mtu husema "local yangu" kama sisi tunavyosema "kwetu".

Uga huu wa nyumba una historia ya kisheria. Sheria ya Nyumba za Bia ya mwaka 1830, iliyohusu Uingereza na Wales, ilimruhusu mlipakodi ya nyumba kuuza bia kwake baada ya kulipia leseni ya gini mbili, yaani pauni 2 na shilingi 2. Maelfu walifanya hivyo, na sebule za watu zikawa baa. Mwaka 1869 sheria nyingine ilirudisha utoaji wa leseni za bia chini ya mahakimu, na leseni zikaanza kuwa adimu. Wenye leseni na kampuni za bia wakashindana kwa uzuri wa majengo: vigae vya rangi, mbao za mahogani, vioo vilivyochongwa maua na maandishi. Mapambo mengi yanayoitwa ya Kivictoria katika pabu za London ni ya miaka ya mwisho ya karne hiyo.

4. Vyumba kama kamusi

Ndani ya jengo la aina hiyo hakukuwa na ukumbi mmoja. Kulikuwa na vyumba vilivyotenganishwa kwa viambaza vya mbao na vioo, vyote vikizunguka kaunta moja, na kila kimoja kilikuwa na jina lake.

Chumba cha "public bar" kilikuwa cha wafanyakazi: sakafu ya mbao tupu, mabenchi, bei ya chini. "Saloon bar", ambayo jina lake linatokana na Kifaransa salon, ilikuwa na zulia na viti vya kitambaa, na bia ileile iliuzwa humo kwa bei ya juu kidogo. "Snug", neno lenye maana ya mahali padogo penye joto na faragha, kilikuwa kichumba cha watu wasiotaka kuonekana, wakiwamo wanawake. "Jug and bottle", yaani jagi na chupa, ilikuwa sehemu ya kununulia bia ya kupeleka nyumbani.

Kwa mwanasemantiki huu ni mfano safi wa seti ya maneno yanayopata maana kwa kutofautiana. Kinywaji kilikuwa kimoja, pipa lilikuwa moja, na mhudumu alikuwa mmoja. Kilichotofautisha "public" na "saloon" ni nani aliyekaa upande gani wa kiambaza. Mpaka huo ulilindwa hata machoni: juu ya kaunta kuliwekwa vioo vidogo vya kuzungushwa, visivyopitisha taswira, ili mteja wa tabaka la kati aagize bila kuonwa uso. Vinaitwa "snob screens", vioo vya wenye majivuno.

Mfano unaoonekana hadi leo ni pabu ya Prince Alfred katika mtaa wa Maida Vale, London, iliyopewa jina la mwana wa Malkia Victoria. Jengo ni la katikati ya karne ya 19, mapambo ya ndani ni ya mwishoni mwake, na linalindwa kisheria. Viambaza vyake vimebaki, na kati ya sehemu moja na nyingine kuna vilango vifupi ambavyo mtu mzima hupita kwa kuinama. Vioo vya majivuno vipo pia. Katika jengo hilohilo kuna chumba cha kulia chenye jina la barabara yake, Formosa. Anayekwenda kula huko leo anaweza kuanza na kinywaji ndani ya kichumba kilichojengwa ili kumtenga na wengine, akakiona kizuri tu. Kiambaza kimehifadhiwa, lakini maana yake imekwisha. Kimekuwa pambo.

Sehemu nyingi hali ilikuwa kinyume. Katikati ya karne ya 20, hasa miaka ya 1960 na 1970, viambaza vilibomolewa na vyumba vikawa ukumbi mmoja. Huko maneno yaliishi kuliko kuta: hadi leo kuna milango iliyoandikwa "saloon bar" kwenye kioo, na yote inaingia chumba kimoja.

Jambo hili si geni kwetu. Mji wa Lubumbashi ulipangwa na wakoloni kwa kutenga ville ya Wazungu na cité ya Waafrika, na kati yake likaachwa eneo lisilojengwa. Utaratibu huo uliondoka, lakini bado tunasema "twende ku ville". Neno limebaki likionyesha mpaka ambao askari halindi tena. Ndiyo sababu mwanaisimu hawezi kuridhika na kusema kwamba jina la mahali linaonyesha mahali tu.

5. Mwaka 1991 na jiko nyuma ya kaunta

Mwaka 1989 serikali ya Uingereza ilitoa amri kuhusu pabu zilizofungwa kwa kampuni za bia, yaani zile zilizolazimika kuuza bia ya kampuni inayozimiliki. Kampuni yenye pabu zaidi ya 2,000 ilitakiwa kuuza au kuzifungua nusu ya zile zilizozidi idadi hiyo. Kwa hesabu, mwenye pabu 6,000 alikuwa na ziada ya 4,000, hivyo 2,000 zilipaswa kuachiwa. Pabu nyingi ziliingia sokoni, na watu wasio na mtaji mkubwa wakaweza kukodi majengo ambayo awali hawangeyapata.

Wawili kati yao walikuwa Michael Belben na David Eyre. Mwaka 1991 walichukua pabu ya The Eagle, barabara ya Farringdon, London. Waliweka jiko wazi nyuma ya kaunta, wakaandika vyakula kwenye ubao wa chaki, wakakusanya meza na viti visivyofanana. Mapishi yao yalitazama nchi za Bahari ya Mediterania. Mkate wao wa nyama ya ng'ombe iliyolowekwa viungo, wenye asili ya Ureno, ukawa mashuhuri. Mteja aliagiza kaunta kama kawaida ya pabu, akalipa, akajitafutia kiti. Neno gastropabu linahusishwa na nyumba hiyo kuliko nyingine yoyote, na katika miaka iliyofuata likaenea pamoja na mtindo wenyewe. Marufuku ya kuvuta sigara ndani, iliyoanza England tarehe 1 Julai 2007, ilizisukuma pabu nyingine nyingi kutegemea chakula.

Hapo ndipo maana ilipoanza kuyumba. Kila pabu iliyopakwa rangi upya na kununua ubao wa chaki ilijiita kwa jina hilo. Mwaka 2011 mwongozo wa migahawa wa The Good Food Guide uliliondoa neno hilo katika vigezo vyake kwa toleo la 2012. Hata hivyo orodha ya gastropabu 50 bora bado hutolewa kila mwaka. Neno linaweza kuchoka kwa wahakiki na likaendelea kufanya kazi kwa wauzaji.

6. Kuketi na kula: pragmatiki ya mezani

Tuchukue sasa mlo wenyewe. Mwanaanthropolojia Kate Fox, katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu tabia za Waingereza, ameeleza kanuni za kaunta ya pabu. Wateja hawapangi mstari, lakini kila mmoja anajua nani alimtangulia: foleni ipo ingawa haionekani. Marafiki hununuliana kwa zamu. Mhudumu hapewi bakshishi ya sarafu. Mteja humwambia maneno yenye maana ya "na moja yako", akimwalika kunywa kwa gharama yake. Kwa tendo-uneni hilo, malipo ya anayehudumiwa kwa anayehudumu yanavishwa sura ya ukarimu kati ya walio sawa.

Mkahawa una adabu nyingine. Mteja huletewa, haendi. Analipa mwisho, mara nyingi kwa hati yenye ada ya huduma. London ada hiyo mara nyingi ni asilimia 12.5. Usawa wa kuigiza wa kaunta haupo, na hakuna anayeudai.

Gastropabu imeweka mifumo hii miwili chini ya dari moja. Upande wa kaunta unasema "na moja yako". Hatua tano mbele, mezani, mhudumu anauliza kama umeweka nafasi. Jirani anayeingia jioni kunywa glasi moja anakuta meza zimepangwa visu na uma na kibao cha kuonyesha kwamba kuna wanaokuja. Hakuna aliyemkataza kukaa. Uma umemkataza. Kiambaza cha mwaka 1898 kilikuwa cha mahogani na kila mtu alikiona. Hiki cha sasa ni cha ishara, na kinasomeka na yule anayejua kusoma ishara hizo. Dhihaka ya wakazi tuliyoitaja mwanzoni inatoka hapa: wanasikia katika "gastro" taarifa kwamba local yao imepata wageni rasmi.

Lugha ya orodha ya vyakula nayo ni ya kuangaliwa. Kiingereza kilizoea Kifaransa mezani tangu Wanormandi walipoiteka England mwaka 1066: mnyama zizini ana jina la Kijermani, nyama yake sahanini ina jina lenye asili ya Kifaransa. Baadaye mikahawa ya kifahari ya London iliandika hata orodha nzima kwa Kifaransa. Gastropabu ilifanya kinyume. Ubao wake huandika nomino tupu za Kiingereza zinazofuatana: nyama, kiazi, mboga, na pengine mahali mnyama alikofugwa. Jumapili huwa na nyama ya kuoka pamoja na viazi, mboga na mchuzi mzito. Unyenyekevu huo wa maneno ni mtindo uliochaguliwa, na bei iliyo kando ya nomino hizo haiwi nyenyekevu vilevile.

Hata majina yanayoonekana ya kale huhitaji kupimwa. "Ploughman's lunch", chakula cha mchana cha mlimaji, ni mkate, jibini na achari. Wakulima walikula mkate na jibini tangu zamani, lakini jina hilo lilienezwa baada ya Vita Vikuu vya Pili na watangazaji wa biashara ya jibini, katika miaka ya 1950 na 1960. Pabu zikirejeshwa katika sura ya kale kwa seremala na fundi vioo, vyakula hurejeshwa kwa mtunga majina.

7. Mfasiri afanye nini?

Njia ya kwanza ni utohozi. Kiswahili hufungua silabi ya mwisho kwa kuongeza irabu, na irabu hiyo hutegemea konsonanti iliyotangulia: baada ya sauti za midomo huja /u/, kama klabu, pampu na timu, baada ya nyingine nyingi huja /i/, kama basi, benki na kadi. Irabu ya Kiingereza katika "pub" huwa /a/, kama ilivyokuwa katika klabu. Tunapata pabu, na kwa hiyo gastropabu, katika ngeli ya 9/10, mkazo ukihama kutoka silabi ya kwanza hadi /pa/. Msemaji asiyezoea konsonanti zinazofuatana anaweza kusema gasitoropabu. Umbo ni halali, ila peke yake halielezi kitu.

Njia ya pili ni kutumia neno lililopo. Mkahawa kwa asili ni nyumba ya kahawa, na sasa ni mahali pa kula chochote. Hoteli, katika Kenya na Tanzania, mara nyingi ni mahali pa chai na wali pasipo kitanda hata kimoja. Maneno haya yanatufundisha kwamba maana ya mahali hupanuka kufuata matumizi. Lakini yote mawili yanaondoa bia na mtaa, na bila hivyo gastropabu haipo.

Njia ya tatu inawavutia wengi katika nchi yetu: nganda. Neno hili la Kilingala lilikuwa la kambi ya wavuvi, kisha likawa baa ndogo ya Kinshasa, mara nyingi ya mwanamke, yenye bia baridi na samaki au nyama. Kwa bidhaa zinazouzwa, mlingano ni mzuri sana. Kwa nani anakaribishwa, unaanguka. Nganda haikupata chakula kwa kumwondoa mnywaji wa zamani, wala haina viambaza vya Kivictoria nyuma yake. Msomaji atakayekuta "nganda" katika London ya riwaya atacheka, na hataelewa kwa nini mhusika anaona aibu kuingia.

Ninapendekeza njia ya mseto. Neno linapotokea mara ya kwanza, liandikwe gastropabu pamoja na maelezo ndani ya sentensi yenyewe: baa ya mtaani iliyogeuzwa kuwa mahali pa kula vizuri. Kitenzi "iliyogeuzwa" ndicho kinachobeba mzigo. Kinamwambia msomaji kwamba kulikuwa na wenyeji kabla, na kwamba kuna kilichoongezwa na kilichopungua. Baada ya hapo gastropabu litumike peke yake.

8. Hitimisho

Tumeona kwamba jengo moja limepita katika tabaka tatu za maneno: nyumba ya umma, vyumba vyake vyenye majina, na gastropabu. Katika kila tabaka kinywaji kilibaki karibu kilekile, na swali la nani akae wapi lilijibiwa upya. Kamusi huandika kinachouzwa kwa sababu ni rahisi kukiorodhesha. Kazi ya mfasiri ni kuongeza lile la pili, hata kama ni kwa kitenzi kimoja kilichochaguliwa vizuri.

Maswali ya kujadili darasani

1. Chagua majina matatu ya mahali pa kula au kunywa katika mtaa wako. Kwa kila jina, eleza kinachouzwa, kisha eleza anayejisikia mgeni humo. Habari ya pili imo katika jina, au katika ishara nyingine?

2. Tohoa maneno "saloon" na "snug" kwa kufuata kanuni za sehemu ya 7. Irabu gani zimeongezwa, na kwa nini?

3. Tafsiri kwa Kiswahili cha Lubumbashi mwaliko wa mteja kwa mhudumu wenye maana ya "na moja yako". Je, usawa unaokusudiwa unabaki, au unageuka kuwa jambo lingine?

4. Taja neno la mahali katika lugha ya kwenu ambalo kuta zake zimekwisha kuanguka lakini bado linatumika. Nani analitumia, na nani analikwepa?